Usiogope Sindano, Ulizia Unachomeza

Mtu anayekwenda kwa mara ya kwanza kwenye tiba ya sindano ya Kichina, hii inayoitwa pia akupancha, hubeba hofu moja tu: sindano. Atauliza zinachomwa ngapi, zinaingia kiasi gani, damu itatoka au haitatoka. Akishamaliza anakabidhiwa mfuko wenye pakiti za unga, vidonge vidogo vyeusi vya mviringo na kichupa chenye maandishi asiyoweza kuyasoma. Anavipokea bila swali hata moja, anarudi navyo nyumbani na kuvimeza pamoja na dawa zake za presha.

Hofu hiyo imekaa pasipo pake. Sindano iliyo safi, mkononi mwa mtu aliyeisomea, ndiyo sehemu yenye hatari ndogo katika tiba hii yote. Kinachostahili maswali mengi ni kile kinachopita kooni. Wewe unayejiandaa kwenda, au unayempeleka mama au mzee wako mwenye maumivu ya magoti, nakuomba uende ukiwa umelijua hilo.

Tiba yenyewe si ngeni kwetu. Timu ya kwanza ya madaktari kutoka China ilifika Zanzibar mwaka 1964, mwaka ule ule wa Mapinduzi, na Tanzania Bara ikapokea yake mwaka 1968. Mpaka leo mkoa wa Jiangsu ndio unaopeleka madaktari Zanzibar, na mkoa wa Shandong unapeleka Bara. Wengi wao ni wapasuaji na madaktari wa hospitali kama wengine, ila ndani ya timu hizo wamekuwamo pia wataalamu wa sindano. Mwaka 1987 Muhimbili ilianza kushirikiana na wataalamu wa tiba ya Kichina kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI, wakati ambapo hapa nchini hakukuwa na ARV za kumpa mtu. Katika miaka ya 1990 zikaongezeka kliniki za binafsi mijini, na hizo ndizo wengi wanazozijua.

Kwa hiyo chini ya kibao kimoja cha "tiba ya Kichina" unaweza kukuta watu wasiofanana hata kidogo. Yupo daktari aliyesoma chuo kikuu miaka mitano au zaidi. Yupo mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyejiongezea elimu ya sindano. Yupo tabibu wa mtaani, ambaye anaweza kuwa hodari au kubahatisha. Na yupo muuzaji wa virutubisho mwenye kompyuta ndogo na kijiti cha chuma. Huyu wa mwisho mkwepe kabisa. Atakushikisha kijiti hicho kwa dakika moja, kisha mashine itatoa kurasa na kurasa za "vipimo vya mwili mzima": ini, figo, kongosho, mifupa, homoni, na mwishoni orodha ya dawa za kununua, ambazo kwa bahati anazo hapo hapo mezani. Figo hupimwa kwa damu na mkojo. Hakuna kijiti cha kushika mkononi kinachoweza kuzisoma, na kijiti hicho hakimo katika elimu ya sindano ya China, ya Japani wala ya Korea.

Tanzania, anayetoa tiba mbadala anatakiwa awe amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2002. Omba kuona cheti, na uhakikishe jina lililoandikwa ni la yule atakayekuchoma, si la mwenye duka. Hakuna adabu inayovunjwa hapo. Tabibu wa kweli hukionyesha bila kununa.

Kabla hujafika huko, pata jina la ugonjwa wako hospitalini. Hili nalisisitiza kuliko mengine, kwa sababu maumivu yana tabia ya kujificha. Mgongo unaouma kwa kubeba ndoo unaweza kutulia kwa sindano. Mgongo unaouma kwa sababu kifua kikuu kimeingia kwenye uti wa mgongo, au kwa sababu saratani ya tezi dume imefika kwenye mifupa, unaweza pia kutulia kidogo kwa sindano, na huo utulivu ndio unaoiba miezi ambayo mgonjwa angeanza matibabu. Ukiwa na maumivu ya mgongo pamoja na homa, kukonda, jasho la usiku, miguu kuishiwa nguvu, au kushindwa kuzuia haja, usipite kokote, nenda hospitali. Kadhalika mdomo ukipinda ghafla na mkono ukalegea: kiharusi ni cha hospitali, tena kwa saa za mwanzo. Sindano zinaweza kuja baadaye, mgonjwa akiwa ametulia, na zisichukue nafasi ya mazoezi ya viungo.

Nenda na karatasi yenye majina ya dawa zote unazotumia. Usiseme "za presha" tu, andika jina na kipimo. Ongeza magonjwa uliyonayo, mzio, kama una ujauzito au unautafuta, na kama una betri ya moyo kifuani.

Siku yenyewe kula chakula cha kawaida saa moja au mbili kabla. Wengi wanaozimia kwenye kitanda cha sindano walikwenda na njaa, au wamechoka, au wana woga mwingi. Katika mwezi wa Ramadhani ni bora kupanga miadi baada ya futari, na suala la sindano na funga muulize sheikh unayemwamini. Vaa nguo pana zinazopandishwa hadi juu ya goti na juu ya kiwiko, kwa sababu sehemu nyingi zinazochomwa, ziitwazo pointi, ziko chini ya hapo. Mwanamke anayo haki ya kuomba tabibu wa kike, au kuwa na ndugu yake chumbani, au kubaki amejitanda khanga sehemu zisizohusika. Asubuhi hiyo usikwangue ulimi na usile ubuyu wa rangi wala kunywa kahawa, maana ulimi utaangaliwa.

Maswali ya mwanzo yatakushangaza kidogo. Umekuja na goti, unaulizwa usingizi, choo, kiu, jasho, hedhi, kama unapenda maji ya moto au ya baridi. Kisha tabibu ataweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wako, kwanza mmoja halafu wa pili, na atakaa kimya kwa muda. Anasikiliza mapigo katika sehemu tatu kila upande: kasi yake, kina chake, nguvu yake. Elimu hii inatoka mbali. Kitabu chake mama, kinachohusishwa na Mfalme wa Njano, kilikusanywa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na ndani yake mwili unaelezwa kuwa na njia zinazopitisha nguvu iitwayo chi. Sayansi ya leo haijaziona njia hizo ukipasua mwili, na huna haja ya kuziamini ndipo utibiwe.

Hapa pana jambo moja la kukutia utulivu. Ukiambiwa "figo zako ni dhaifu", usikimbie kwa hofu. Katika lugha ya tiba ya Kichina, figo ni jina la kundi zima la mambo: mifupa, uzazi, kuzeeka, kuamka usiku kukojoa. Mtu mwenye figo nzima kabisa kwa kipimo cha maabara anaweza kuambiwa maneno hayo kwa sababu tu magoti yake yanauma na amechoka. Mara nyingi mkalimani anatafsiri neno kwa neno, na mgonjwa anatoka akiamini anahitaji kusafishwa damu. Muulize tabibu waziwazi: unasema kwa maana ya hospitali au kwa maana ya tiba yenu? Ukibaki na wasiwasi, kipimo cha kreatinini katika damu kitakupa jibu. Na dawa ya gharama kubwa inayouzwa kwa hofu ya neno hilo iache mezani.

Sasa sindano yenyewe. Ni uzi wa chuma cha pua usio na tundu ndani, maana hakuna kinachodungwa wala kuvutwa. Unene wake wa kawaida ni kama robo ya milimita, na zipo nyembamba zaidi. Huja katika pakiti iliyofungwa yenye tarehe ya mwisho ya matumizi. Tabibu anafuta ngozi, anachana pakiti mbele yako, na mara nyingi sindano imo ndani ya kijibomba chembamba cha plastiki. Kijibomba kinasimamishwa juu ya pointi, kitako cha sindano kinatokeza juu kidogo, kinagongwa kwa kidole mara moja, na ncha imeshaingia kabla hujajua kama imeanza. Mbinu ya kijibomba inahusishwa na Sugiyama Waichi, tabibu kipofu wa Japani aliyeishi karne ya 17. Baada ya hapo kijibomba kinaondolewa na sindano inasukumwa taratibu na kuzungushwa. Hapo ndipo utasikia kitu tofauti na mchomo: uzito, ganzi kidogo, mvuto unaotambaa kuelekea chini ya mguu. Wachina hukitafuta kwa makusudi. Kinachopaswa kukufanya useme "basi" ni maumivu makali yanayokata au kupiga kama shoti. Sema mara moja, itarudishwa nyuma.

Utaachwa hivyo kwa dakika 20 hadi 30. Usijigeuze. Zikitolewa, zihesabiwe: zilizoingia zitoke zote, kwa sababu iliyosahaulika nyuma ya sikio au chini ya khanga itakuchoma ukiwa garini. Na zote ziende kwenye kisanduku cha njano cha vitu vyenye ncha kali, hapo hapo. Ukiona sindano zinarudishwa kwenye kikopo cha spiriti ili zimsubiri mgonjwa mwingine, ondoka hata kama umeshalipa. Homa ya ini aina ya B ipo miongoni mwetu kwa wingi, na spiriti haitoshi kuua virusi vyake kwenye chuma kilichoingia mwilini.

Hatari nyingine ni chache na zinajulikana. Alama ya damu kuvilia ni jambo la kawaida, hasa kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, naye lazima aseme. Mwenye betri ya moyo asiunganishwe na mashine inayopitisha umeme kwenye sindano. Mjamzito ajitambulishe, maana kuna pointi, kama ile ya kati ya kidole gumba na cha shahada na ile ya juu ya kifundo cha mguu kwa ndani, ambazo kwa desturi huachwa. Sindano za mabegani na mgongoni kuzunguka mbavu zinahitaji mkono unaojua, kwa sababu sindano ikizama mno inaweza kutoboa utando wa pafu. Hutokea mara chache sana, lakini ukipata maumivu ya kifua na pumzi fupi saa chache baada ya tiba, au hata siku inayofuata, nenda hospitali na uwaambie ulichomwa wapi.

Kwa mwenye kisukari nina onyo la peke yake. Miguu yako inaweza kuwa imeanza kufa ganzi bila wewe kujua. Katika tiba hii hutumika pia moto: majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga, yaliyosokotwa mfano wa sigara nene, huwashwa na kusogezwa karibu na ngozi, au taa nyekundu ya joto huwekwa juu ya mguu. Mtu wa kawaida atasema "inachoma". Wewe hutasema, na utagundua lengelenge usiku. Kidonda cha mguu cha kisukari hakihitaji chanzo kikubwa kuliko hicho. Kataa moto chini ya goti, na chunguza nyayo zako ukifika nyumbani.

Vikombe vya kufyonza huhitaji maelezo mafupi tu, maana wazee wetu walipiga chuku kwa pembe, na hijama ipo kila mtaa wa pwani. Duara za zambarau mgongoni hupotea ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Vikitumika vya kutoa damu, wembe uwe mpya na kikombe kiwe chako.

Je, inasaidia? Nitasema ninavyouona ushahidi, bila kuupamba. Ujerumani walifanya utafiti mkubwa juu ya maumivu sugu ya kiuno, matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Wagonjwa 1,162 waligawanywa makundi matatu. Baada ya miezi 6, waliopata nafuu ya maana walikuwa asilimia 47.6 kwa waliochomwa katika pointi za Kichina, asilimia 44.2 kwa waliochomwa juujuu mahali pasipo pointi, na asilimia 27.4 kwa waliopewa dawa na mazoezi ya kawaida. Tazama vizuri namba hizo. Kuchomwa kulishinda tiba ya kawaida kwa mbali. Lakini kuchomwa mahali "sahihi" kulikaribiana sana na kuchomwa popote.

Ndiyo maana vyombo vya afya vinatofautiana. Uingereza, taasisi ya NICE iliikubali sindano kwa kuzuia kipandauso mwaka 2012, ikaiondoa kwa maumivu ya kiuno mwaka 2016, na mwaka 2021 ikairuhusu kwa maumivu sugu yasiyoelezeka kwa ugonjwa mwingine. Marekani, bima ya wazee ilianza mwaka 2020 kulipia sindano kwa maumivu sugu ya kiuno. Ukichanganya yote, mahali pa kuijaribu ni kwenye maumivu ya muda mrefu: kiuno, shingo, goti, maumivu ya kichwa, na pia kichefuchefu baada ya upasuaji. Anayekuahidi kuponya kisukari, saratani au VVU kwa sindano anakudanganya, na akikwambia uache ARV au insulini anahatarisha uhai wako.

Nirudi kwenye kile kinachomezwa, maana ndicho kilichonifanya niandike. Dawa za mitishamba za Kichina zina nguvu, na sisi ndio mashahidi. Dawa mseto ya malaria tunayompa mtoto homa ikipanda ina kiini kilichotoka kwenye mmea wa pakanga. Tu Youyou na wenzake mjini Beijing walikuwa katika mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria ulioanza mwaka 1967. Alisoma kitabu cha Ge Hong cha karne ya 4, kinachoelekeza kuloweka mmea huo na kuukamua maji, akatambua kwamba moto wa kuchemsha huenda ndio unaoharibu dawa, akaibadili njia ya kuikamua, na miaka ya 1971 na 1972 kikapatikana kiini safi. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Lakini kazi haikuishia kwenye jani: ilipimwa, ikawekewa kipimo, ikachanganywa na dawa ya pili ili vimelea visizoee. Chai ya pakanga iliyopikwa jikoni haina kipimo hicho, na Shirika la Afya Duniani haliipendekezi kwa malaria.

Mmea wenye nguvu ya kuponya una nguvu ya kudhuru. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kliniki moja ya kupunguza unene jijini Brussels iliwapa wateja vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Mzizi mmoja ulibadilishwa na mwingine wenye jina linalokaribiana: badala ya hanfangji ikaingia guangfangji, ambayo ina sumu ya figo. Wagonjwa zaidi ya 100, karibu wote wanawake, waliharibika figo, na baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo miaka kadhaa baadaye. Walikuwa watu wazima wenye afya waliotaka kupungua kilo chache. Kumbuka hilo unapoona tangazo la vidonge vya kupunguza tumbo.

Ipo pia mitishamba ya kawaida inayogongana na dawa zako. Gancao, mzizi mtamu unaotiwa katika mchanganyiko mwingi, ukitumika kwa wingi hupandisha presha na kushusha potasiamu. Danshen huongeza nguvu ya warfarin. Mahuang huharakisha moyo, na Marekani iliipiga marufuku katika virutubisho mwaka 2004. Na vipo vidonge vinavyouzwa kama mitishamba mitupu kumbe vimechanganywa kwa siri na dawa za viwandani: steroidi katika vya viungo, sildenafili katika vya nguvu za kiume. Vidonge vya "mitishamba" vikimaliza maumivu ya magoti usiku mmoja, kisha uso ukaanza kuvimba na sukari kupanda, hayo ni maelezo ya steroidi.

Basi usipokee kichupa kisicho na orodha ya vilivyomo kwa lugha unayoisoma, jina la mtengenezaji, tarehe na namba ya usajili: TMDA kwa Tanzania, Bodi ya Dawa na Sumu kwa Kenya. Ukiwa na ugonjwa wa figo au ini, ukiwa mjamzito au unanyonyesha, jibu liwe "sindano tu, dawa sitaki". Tabibu mwelewa atakubali. Ukianza dawa na macho yakawa ya njano, au mkojo ukabadilika rangi au kupungua, acha na uende hospitali na pakiti mkononi.

Uliza pia kama ndani ya dawa mna viungo vya wanyama. China yenyewe iliondoa pembe ya kifaru katika dawa mwaka 1993, na magamba ya kakakuona katika orodha yake rasmi mwaka 2020. Gundi ya ngozi ya punda, iitwayo ejiao, bado inauzwa kwa jina la kuongeza damu, na ndiyo iliyofanya punda wa wafugaji wetu waibwe usiku na kuchinjwa porini. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Mwanamke anayeteka maji kwa punda mmoja akimpoteza, mzigo unarudi kichwani mwake. Damu ikipungua, vidonge vya madini ya chuma vipo kila zahanati.

Mwisho ni pesa na idadi ya mara. Usilipie mara 20 kwa mkupuo hata ukipewa punguzo. Ile bima ya Marekani inalipia mara 12 ndani ya siku 90, na inaongeza 8 ikiwa tu mgonjwa anaendelea vizuri. Kwa mfuko wetu, ningesema kubaliana na tabibu mara 6, moja au mbili kwa wiki. Kabla ya ya kwanza, andika kwenye daftari mambo matatu unayoshindwa sasa: kuinama ruku'u, kupanda ngazi hadi ghorofa ya pili, kulala bila kuamshwa na maumivu. Baada ya ya sita, yasome tena pamoja naye. Kama mawili kati ya matatu yamebadilika, endelea. Kama hakuna lililobadilika, mshukuru, na pesa iliyobaki ipeleke kwenye mazoezi ya viungo hospitalini.